Inazimikia Rugari

Jumatatu, 8 Septemba

Mvua ya kwanza ya msimu imepiga saa nane za mchana, ikaosha vumbi la mtaa wetu wote wa Katindo na kulileta kwenye garaje yangu. Daftari jipya, basi. Kila msimu wa mvua nafungua daftari moja: gari gani imeingia, inaumwa nini, hewa ilikuwaje siku hiyo, maana maji na umeme wa gari hawajawahi kupatana. Umeme wa gari ndiyo kazi yangu. Wazazi wangu kule Butembo waliniita Joviale wakitumaini nitakuwa mtu wa kuchekacheka. Waulizeni wateja wangu tumaini hilo liliishia wapi.

Jioni ameingia Papa Twahiru na minibasi nyeupe. Gari si yake, ni ya Mama Henriette, muuza maharagwe, yeye ni shofere tu. Lakini ana miaka ishirini na saba kwenye usukani na anaisema gari ile kama mtu anayemsema mgonjwa wa nyumbani kwake.

"Mama Joviale, inanitesa. Kwenda Rutshuru iko muzuri, haina neno. Kurudi, tukipanda na mizigo, tukifika Rugari, puu, inazimika. Ninangoja nusu saa, nikijaribu tena, inawaka."

"Imezimika mara ngapi?"

"Juma ile ya jua, mara mbili. Pale pale."

"Pale pale?"

"Pale pale, wallahi."

Nimemwambia aiache, nitaipima asubuhi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeipima saa moja, kabla ya chai. Bobini, ile inayochukua umeme mdogo wa betri na kuutoa mkubwa wa kupiga cheche, nimeipima nyuzi za ndani na za nje: ukinzani wa om moja kasoro kidogo upande mmoja, om elfu kumi na mbili upande wa pili. Hiyo ni bobini yenye afya. Nikatoa buji, ile plagi ya cheche, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, nikazungusha moteri. Cheche ya buluu, nene, inalia tak tak tak.

Modili, kile kisanduku kinachoiamuru bobini ipige lini, sikuigusa. Niliifunga mwenyewe miaka mitatu iliyopita, tulipohamisha usukani wa gari hii kutoka kulia kuja kushoto, kama tunavyofanyia magari mengi yanayotoka ng'ambo. Kazi ile ilikuwa safi mno, uzi hata mmoja hauonekani. Watu walikuja kuitazama.

Nikamwambia Papa Twahiru gari ni nzima, atazame mafuta anayonunua kwenye vidumu vya barabarani.

"Nzima?" akauliza.

"Nzima."

Jumamosi, 13 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Betri mbili, taa moja, fujo nyingi.

Alhamisi, 18 Septemba

Jana jua lilikuwa la kuchoma kichwa. Leo Papa Twahiru amerudi. Imezimika tena, Rugari, wakati wa kupanda. Nimeipima asubuhi kwa umande: nzima. Nikapaza sauti, naungama. "Papa Twahiru, mimi napima kwa mashine, sipimi kwa maneno!" Akachukua ufunguo polepole na kunishukuru. Mtu anayenishukuru nikiwa nimemkaripia ananiudhi mara mbili.

Ijumaa, 19 Septemba

Mama Henriette amekuja mwenyewe, na kitenge chake cha sokoni na simu zake tatu. Hakukaa.

"Niambie bila kuzunguka. Gari yangu iko na ugonjwa ao haina?"

"Haina, mama. Nimepima mara mbili."

"Basi kwa nini kila mara Rugari? Barabara ni ndefu. Kwa nini isizimike Kibumba? Kwa nini isizimike hapa Munigi?"

Kadidja alikuwa anasikiliza. Saluni yake ya nywele na garaje yangu zinagawana ukuta mmoja wa mbao, na ukuta ule haujawahi kuzuia neno lolote. Akatoa kichwa nje, kitana mkononi. "Mama, mwanaume akisimama kijiji kilekile kila juma, ni gari gani tena ya kupima? Iko na mwanamke pale!"

Wateja wa saluni wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Naandika hapa kwamba nilicheka.

Jumanne, 23 Septemba

Jana jua tena, na gari imezimika tena Rugari, wauza ndizi kumi na mbili wakasimama barabarani wakitukana. Nimeipima leo asubuhi mara ya tatu. Nzima. Mama Henriette amemfukuza Papa Twahiru pale pale parkingi, mbele ya mashofere wenzake, na sababu alizowapa ni mbili: yule mwanamke wa Rugari, na neno langu.

Jumatano, 24 Septemba

Mvua ya mawe. Nilikuwa chini ya turubai nikingoja ipungue nikamwona mwanamke anakuja katikati yake, mtandio umelowa, viatu mkononi.

"Miye ni Alima, muke ya Twahiru. Sikuje kukugombeza."

Nikampa kigoda. Hakukikalia.

"Nimekuja na neno moja, unijibu mbele ya Mungu. Ile gari iko na ugonjwa?"

"Hapana, mama. Nimeipima mara tatu."

"Kwa hiyo haizimike yenyewe. Ni yeye anaizima."

"Mimi najua gari tu. Gari ni nzima."

"Unaapa?"

"Naapa."

Akaitikia kwa kichwa, akasema aksanti, akarudi kwenye mvua. Sijutii. Nilichoulizwa ni gari, na gari naijua.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mvua. Shofere mpya wa Mama Henriette anaitwa Florent, kijana mpole wa Beni. Amekwenda Rutshuru na kurudi bila kusimama.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mvua. Mama Henriette amenitumia salamu kwa simu: "Unaona? Gari imepona siku ileile aliyotoka shofere." Kadidja anasimulia habari hii kwa kila kichwa anachokisuka.

Jumapili, 19 Oktoba

Baada ya misa nimeambiwa Alima amehama nyumba. Amekwenda kwa kaka yake Munigi, na godoro na cherehani yake. Papa Twahiru hapati gari ya kuendesha parkingi yoyote, anaosha magari ya watu ziwani. Nilikula chakula cha mchana vizuri.

Jumanne, 28 Oktoba

Sijui nianzie wapi, basi nianze na jua. Siku tatu bila tone. Saa sita na nusu wameleta gari ndogo ya masista ikivutwa kwa kamba, imezimika kwenye kilima cha Munigi. Imefika kwangu ikiwa bado moto. Gari kufika garaje ikiwa moto ni jambo la nadra, kwa kawaida watu huleta jioni na mimi hupima asubuhi. Sikuwaza hilo mpaka leo.

Nikaweka taa ya kupimia kwenye mguu wa bobini unaoungana na modili, nikamwambia shofere azungushe. Taa ilitakiwa kupepesapepesa. Haikupepesa. Umeme ulikuwa unafika kwenye bobini vizuri kabisa, ila hakuna aliyekuwa anaiamuru ipige. Nikaenda kuchota chai. Kikombe kilikuwa hakijafika nusu shofere akajaribu tena kwa kuchoka tu, na taa ikapepesa, na gari ikawaka.

Nikaingiza mkono nyuma kabisa, mahali modili ilipo. Nikautoa haraka, vidole vimeungua. Chini ya modili kulikuwa na kipande cha mpira wa tairi, kimekatwa pembe nne, safi, na kisu changu.

Nieleze, ili nisijidanganye. Barabara zetu ni mawe ya volkano, zinatikisa kila kitu. Zamani modili zilikuwa zinapasuka kwa kutikiswa, na mimi nikabuni dawa: kila ninapohamisha usukani, modili naihamisha vilevile kwa sababu iko njiani, na ninaikalisha juu ya kipande cha tairi, iwe na godoro. Mafundi wenzangu walinisifu. Lakini modili inatoa joto lake kwa kugusa chuma ilipofungwa. Kule kwenye nafasi yake mpya iko pua na pua na bomba la moshi, na chini nimeitandikia godoro. Inaiva. Ikiiva, inanyamaza. Ikipoa, inafanya kazi kama hakuna kilichotokea. Na kutoka Rutshuru kupanda na mizigo, kwenye jua, saa ya kuiva inatimia wapi?

Nimefanya hivyo kwenye magari kumi na moja. Nimeyahesabu kwa vidole na vidole vimeisha.

Jumatano, 29 Oktoba

Sikutaka kuamini kwa gari moja. Nimechukua modili ya masista, bobini na betri, nikaviunganisha juu ya meza ya saluni, nikamwomba Kadidja seshwari yake, ile ya kukaushia nywele.

"Iko kazini!" akasema. Mteja alikuwa na kichwa kimekauka nusu.

"Dakika kumi tu."

"Na miye nikae na nusu kichwa?" mteja akalia.

Kwanza nimepuliza bobini. Imepata moto kiasi cha kutoshikika, na cheche bado buluu, tak tak tak. Bobini haina dhambi. Nikageuza seshwari kwenye modili iliyokalia mpira wake. Dakika ya nne cheche zikawa nyembamba. Dakika ya sita, kimya. Nikatoa mpira, nikafunga modili kwenye bati nene, nikaacha ipoe, nikapuliza tena dakika kumi na mbili. Haikunyamaza.

Kadidja alikuwa ameacha kuchekesha watu. "Kwa hiyo yule muzee..."

"Ndiyo."

"Yesu! Na mimi niliyesema..."

"Ulisema, nami nikacheka. Shika seshwari yako."

Usiku nimefungua daftari hili nikasoma kurasa za Septemba. Jua, imezimika. Jua, imezimika. Jua, imezimika. Mvua, imepita. Yote nimeandika kwa mkono wangu na sikuyasoma.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimekwenda sokoni kwa Mama Henriette. Nilimkuta juu ya magunia yake, nikamwambia yote, mpira na bomba na joto.

"Mama Joviale," akasema, "weye ulisema nzima mara tatu. Leo unasema mugonjwa. Twahiru amekulilia?"

"Sijamwona hata."

"Florent anaendesha mwezi muzima. Haizimike."

"Ni mvua, mama. Mvua inaipoza."

"Sijawahi kusikia gari inapenda mvua." Akapima kilo mbili za mteja, akarudi kwangu. "Basi toa huo mpira wako, tufunge hayo maneno."

Hapo ndipo nilipoona mtego. Nikiutoa leo, gari itapona, na Papa Twahiru atabaki mwongo maisha yake yote. Hakuna atakayejua ilikuwa gari. Nikamwambia: sitautoa mpaka izimike mbele yako. Nipe siku moja, mpakie mzigo wa kawaida, uje mwenyewe.

Alinitazama kama mtu anayepima maharagwe yenye mawe. Akakubali kwa Jumanne, kwa kuwa alikuwa na mzigo wa kuchukua kule.

Ijumaa, 31 Oktoba

Ziwani. Papa Twahiru alikuwa amekunja suruali hadi magotini, anasugua magurudumu ya pikipiki. Niliomba msamaha nikiwa nimesimama kwenye matope na viatu vyangu vya kanisani. Nilieleza tena modili, mpira, joto. Alisikiliza akiendelea kusugua.

"Nilikuambia inazimikia Rugari," akasema. "Weye ulipimia Katindo."

Nikamsogezea ndoo.

"Njoo Jumanne, papa. Uione ikizimika mbele ya Mama Henriette."

"Miye sikwendi. Miaka makumi mbili na saba nimebeba watu, sasa gari ndiyo inisemee?" Akamwaga maji. "Alima hakuniuliza miye. Alikuuliza weye. Nenda ukamuone yeye."

Jumanne, 4 Novemba

Tulitoka kwa jua. Nilikaa nyuma na taa yangu ya kupimia mapajani kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Kiwanja, ule mji wa jirani na Rutshuru, tulipakia magunia tisa. Kurudi, tulipofika Rumangabo mawingu yakaja kutoka mbugani, na kabla ya Rugari mvua ikatupiga ndoo kwa ndoo. Gari ikapanda kilima kile ikiimba. Niliilaani moyoni, zimika, mbwa wewe, zimika.

Mama Henriette hakunitukana. Alisema tu, "Aksanti kwa matembezi." Ingekuwa afadhali anitukane.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua. Nimeita gari mbili kati ya zile kumi na moja, nimetoa mipira, nimefunga modili kwenye chuma. Bure. Mmoja wa wenye magari ameniuliza kama ni sadaka.

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua. Gari tatu.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimerudi kwa Mama Henriette. Hakutaka hata kuniona. Nikamwambia mbele ya wauzaji wote: nipe siku moja ya jua, na isipozimika, nitaandika kwenye ukuta wa garaje yangu, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, kwamba Joviale hajui kazi, na nitauacha ukuta hivyo hadi Pasaka.

Wauzaji wakapiga makofi. Mama Henriette akajikaza asicheke, ikamshinda.

"Kwa rangi nyekundu?"

"Nyekundu, mama."

"Jumamosi. Na rangi utanunua weye."

Jumatano, 12 Novemba

Munigi. Alima alikuwa anashona uani kwa kaka yake. Alinitambua kabla sijafungua mdomo, mguu wake ukasimama juu ya cherehani.

"Uliapa," akasema.

"Niliapa, nikakosea."

Nikamweleza kwa maneno mafupi. Hakuniuliza kitu kuhusu modili. Aliuliza kitu kimoja, ambacho nilikuwa nakiogopa.

"Na sasa utaniapia tena kwamba haina mwanamke pale?"

"Hapana, mama. Siapi tena. Huyo mwanamke simjui, awepo asiwepo. Njoo Jumamosi uone kwa macho yako, gari na mahali penyewe."

Akashona upindo mzima bila kunitazama. Nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimekusudia kutoondoka bila jibu, hata kama ni jibu la kunifukuza. Mwishowe akakata uzi kwa meno.

"Mutapita hapa saa ngapi?"

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua kutwa. Nimenunua rangi nyekundu.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimechoka, mikono inanuka moshi, lakini lazima niandike leo hii hii, kwa utaratibu.

Kumekucha mawingu yamekaa juu ya mlima. Tulimpitia Alima saa moja. Alipanda mbele karibu na Mama Henriette, wakasalimiana kwa adabu ya watu wasiopendana. Florent kwenye usukani, mimi nyuma. Kwenda, hakuna neno. Kiwanja tulipakia magunia kumi, ndizi, na mbuzi mmoja ambaye hakuwa kwenye mpango. Saa saba tukageuza. Na jua likatoka. Likatoka kweli kweli, la kuchoma bati. Wenzangu walikuwa wanajipepea na mimi nilikuwa nashukuru.

Tukapita Rumangabo. Tukaanza kupanda. Nilikuwa nasikiliza injini kwa meno. Tukaingia Rugari, gari bado inavuta. Tukapita nyumba za kwanza, tukapita duka, tukapita kanisa. Inavuta. Mama Henriette akageuka kunitazama na nikaona tayari anasoma ule ukuta wangu. Nyumba za mwisho zikabaki nyuma, tukashika kilima, kona moja, kona ya pili.

Puu.

Gari ikatembea kidogo kwa mazoea, ikasimama. Mbuzi tu ndiye aliyesema kitu.

"Ni hapa hapa," Florent akanong'ona.

Mama Henriette akamgeukia. "Hapa hapa nini?"

Kijana alishika usukani kwa mikono miwili kama bado anaendesha. "Miye imeshanizimikia mara tatu, mama. Oktoba, zile siku za jua. Niliogopa kusema. Niliona vile mulimufanya yule aliyesema."

Mimi niliruka chini, nikafungua injini, nikaita wote waje, Alima na Mama Henriette bega kwa bega. Nikaweka taa kwenye mguu wa kwanza wa bobini: inawaka, umeme unafika. Nikaweka kwenye mguu wa modili, Florent akazungusha, akazungusha, akazungusha. Taa haikupepesa hata mara moja. Nikamwambia Mama Henriette anyooshe kidole aguse modili. Aligusa, akasema neno la Kinande ambalo sitaliandika.

Kisha nikafungua skrubu mbili, nikauvuta mpira ule, nikawapa mkononi.

"Huu niliuweka mimi. Si mafuta, si Papa Twahiru, si shetani wa Rugari. Mimi, kwa kisu changu, na nikaringa nao miaka mitatu. Yeye alikuja kwangu mara tatu akaniambia kweli na mimi nikamfanya mwongo. Mama Henriette, ulimfukuza kwa neno langu. Mama Alima, ulihama kwa kiapo changu."

Mama Henriette aligeuzageuza mpira kama anatafuta upande wenye maelezo. Alima hakuutazama mpira. Alikuwa anatazama mahali.

"Hapa?" akasema. "Kila mara ni hapa?"

"Hapa hapa, mama," Florent akasema.

Tukatazama wote. Hakuna nyumba. Kushoto mawe ya volkano na majani, kulia shamba la maharagwe linalopanda hadi msituni. Miezi miwili tumemweka mwanamke Rugari, tumempa nyumba na kitanda, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuja kutazama.

Kisha shamba likatoa mtu. Kikongwe amepinda, jembe begani, kidumu cha njano mkononi, anashuka kati ya mistari kama amechelewa. Akaitazama gari kwanza, kisha sisi, mmoja mmoja, hakupata aliyemtafuta.

"Ni ile gari," akasema. "Na muzee yake? Yule wa kuswali? Amekufa?"

"Hajakufa," nikasema. "Unamjua?"

"Simujui jina. Hii gari inazimika, yeye anashuka, ananiomba maji, ananawa mikono na miguu, anaswali pale." Akaonyesha kwa kidevu. Kando ya barabara mtu alikuwa amesafisha mahali pa upana wa mkeka, akapanga mawe madogo meusi kuzunguka, moja moja, kwa subira. Majani yalikuwa yameanza kuota katikati. "Akimaliza, anakuja kunisaidia kupalilia, mpaka gari inapoa. Niliona haji tena, nikajua amekufa."

"Anakupalilia?" Alima akauliza. "Twahiru? Anashika jembe?"

"Anajua sana jembe."

"Nyumbani hajawahi kulishika siku hata moja!" Alima akasema, na hapo akaanza kucheka, akacheka hadi akashika mlango wa gari, na kicheko kikageuka kilio bila kusimama katikati. Kikongwe akatua jembe lake, akamsogelea, akamshika mkono. Anaitwa Mama Gisubizo. Amebaki na meno mawili.

Alima akanawa uso kwa maji ya kidumu kile. Akatoa simu, akapanda juu ya jiwe kutafuta mtandao, akaweka sauti wazi ili tusikie wote. Iliita mara nyingi.

"Niko Rugari," akasema.

"Rugari?" Sauti ya Papa Twahiru, na nyuma yake maji ya ziwa. "Unafanya nini Rugari?"

"Nimekuja kumuona mwanamke wako. Anakusalimia. Anasema maharagwe yake yamejaa majani tangu uliacha kuja."

Tukasikia ndoo ikitua.

"Alima," akasema polepole. "Gari imezimika?"

"Imezimika."

"Alhamdulillahi," akasema Papa Twahiru, na tukamsikia anakaa chini, pale pale alipokuwa, na pumzi zake zinakuja nzito. Alima aliishika simu sikioni ingawa sauti ilikuwa wazi. Baada ya muda Mama Henriette alivuka barabara, akafuta mkono kwenye kitenge, akaunyoosha kuomba simu, aseme na shofere wake.